MWENYE SILAHA NA MWENYE NYUMBA

Somo la Historia katika redio, kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mwanza na kando ya Ziwa Victoria

   

Kaeni vizuri, tuanze. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: SILAHA. MALI. KIBALI. MLANGO. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Tutayatumia maneno haya mpaka mwisho wa somo.

Leo tutajifunza habari za jambo ambalo watu wa kando ya ziwa letu wamelishindania kwa zaidi ya miaka mia moja. Jambo lenyewe ni hili. Mtu mwenye silaha ana haki gani? Na mtu mwenye nyumba, au duka, au zizi la ng'ombe, ana haki gani? Na je, wawili hawa wakikutana mlangoni, nani ampishe mwenzake?

Mama ntilie na mtu mwenye bastola

Fikirini kwanza mfano huu. Mama mmoja ana hoteli ndogo karibu na soko. Anauza chai na maandazi asubuhi, na ugali na sato mchana. Kodi ya pango amelipa. Leseni ya biashara ameitundika ukutani. Siku moja anaingia mtu mwenye bastola kiunoni. Anapoketi, anaitoa na kuiweka mezani, kando ya kikombe chake. Wateja wawili wanaiona, wanaacha chakula na kuondoka.

Mama anamwendea na kusema, "Kaka yangu, karibu chakula, lakini hiyo hapa kwangu haikai. Kaiweke kwanza mahali pake, ndipo urudi ule."

Yule mtu anajibu, "Mama, mimi ninacho kibali cha Serikali. Wezi wamejaa mjini, nami nina mali ya kulinda. Wewe ni nani hata unikataze?"

Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo. Lakini sasa mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: kati ya hawa wawili, nani ana haki? Wanyoshe mikono. Mwalimu ahesabu mikono, aiandike hesabu ubaoni, wala asiifute. Mwishoni tutahesabu tena.

Zamani: hongo na bunduki za misafara

Twende sasa zamani, kabla ya utawala wa Wazungu. Katika Usukuma kila nchi ilikuwa na mtemi wake. Chini ya mtemi walikuwako banangwa, yaani wakuu wa vijiji. Vijana nao walikuwa na chama chao cha kazi, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Silaha za watu zilikuwa upinde na mishale, mkuki na rungu. Mwanamume kuwa na upinde halikuwa jambo la kuulizwa, maana walikuwako simba na fisi, na walikuwako wezi wa ng'ombe.

Lakini mgeni mwenye silaha aliulizwa. Msafara uliotaka kupita katika nchi ya mtemi ulitakiwa kupatana naye kwanza, na kulipa hongo. Hongo ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Siku hizi neno hongo lina maana ya rushwa, kitu kinachotolewa gizani. Zamani lilikuwa ushuru wa njia, na kila mtu aliujua. Aliyelipa hongo alikuwa anasema kwa kitendo, "Nakubali kwamba nchi hii ina mwenyewe."

Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikua sana, na bunduki zikaja pamoja nayo. Wengi wenu mnaijua gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, aliijenga dola yake kwa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga, na wengi wao walikuwa na bunduki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki 80,000 mpaka 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Basi mambo yakageuka. Mwenye bunduki nyingi akaanza kuona hongo ni usumbufu. Kwa nini aombe ruhusa, naye anaweza kupita kwa nguvu? Tutaona jambo hili katika habari ya kisiwa kimoja cha ziwa letu.

Bumbire, mwaka 1875

Mwezi wa Februari, mwaka 1875, msafiri aitwaye Henry Stanley alifika Kageyi, ufukoni mwa ziwa, si mbali na mahali ulipo mji wa Mwanza leo. Alikuja na mashua yake iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi tangu pwani. Mwezi wa Machi akaishusha majini, akaanza kulizunguka ziwa.

Tarehe 28 Aprili alifika kisiwa cha Bumbire, upande wa magharibi, katika sehemu ambayo leo ni Mkoa wa Kagera. Yeye na watu wake walikuwa na njaa, walitaka chakula. Watu wa Bumbire wakaivuta mashua mpaka nchi kavu, wakawazunguka wale wageni, kisha wakachukua makasia. Stanley na watu wake wakafanikiwa kuisukuma mashua majini tena. Akawapiga risasi waliomfuata, na watu wake wakang'oa mbao za ndani ya mashua wakazifanya makasia.

Kama habari ingeishia hapo, tungesema mtu alikuwa hatarini akajiokoa. Lakini haikuishia hapo. Mwezi wa Agosti Stanley alirudi Bumbire, safari hii akiwa na mitumbwi mingi ya wapiganaji kutoka Buganda. Hakushuka nchi kavu. Alisimamisha mitumbwi majini, mahali ambapo mishale haikuweza kufika vizuri lakini risasi zilifika. Watu wa kisiwa walikuwa wamejipanga ufukoni kwao, na mikuki na pinde zao mikononi. Wakapigwa risasi pale pale. Makumi ya watu walikufa.

Stanley mwenyewe aliyaandika hayo katika magazeti ya Uingereza na Marekani. Watu wengine huko Uingereza walikasirika, wakauliza: mtu huyu alikuwa na mamlaka gani ya kufanya vita na watu katika nchi yao? Swali hilo lilikuwa jema. Lakini watu wa Bumbire hawakuulizwa, wala wao hawakuacha maandishi. Habari tunayoisoma leo ni ya yule aliyeshika bunduki na kalamu pamoja. Baba na mama zangu, hii ni sababu moja ya sisi kukaa darasani jioni kama hii.

Mwalimu, simama hapa kidogo. Mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake: katika habari ya Bumbire, mwenye nyumba ni nani, na mwenye silaha ni nani? Na je, wenye nyumba walikosa lolote?

Bunduki zawekwa chini ya karatasi

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa mengi yalitia sahihi mapatano katika mji wa Brussels, Ubelgiji. Shabaha kubwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sharti juu ya bunduki. Katika sehemu kubwa ya Afrika, bara letu hili la katikati likiwa ndani yake, ilikatazwa kuleta bunduki za kisasa isipokuwa kwa ruhusa. Silaha zilizoingia ziliwekwa katika bohari zinazosimamiwa na serikali, wala hazikutolewa bila kibali. Gobore na baruti ya kawaida hazikubanwa sana kama bunduki mpya.

Tuseme kweli yote. Mapatano yale yalikuwa na sura mbili. Bunduki zilikuwa zimesaidia kuteka watu na kuchoma vijiji, kwa hiyo kuzizuia kulikuwa na faida kwa wanyonge. Lakini mataifa yale yale yalikuwa yanagawana Afrika. Nchi isiyo na bunduki ni rahisi kutawaliwa.

Wajerumani walijenga boma lao Mwanza katika miaka ile ya 1890. Mwezi wa Julai, mwaka 1916, Waingereza waliuteka mji huo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1922 Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa, na katika masharti ya udhamini mlikuwemo hili, kwamba biashara ya silaha na risasi isimamiwe kwa ukali.

Hivyo likazaliwa jambo jipya katika nchi yetu, yaani kibali cha silaha. Silaha haikuwa tena kitu cha mtu na nguvu zake. Ilikuwa kitu cha mtu, karatasi, na afisa anayetia sahihi. Wazo lenyewe si baya. Ubaya ulikuwa katika kugawa. Mzungu mwenye shamba au mgodi alikuwa karibu na ofisi ile, na mkulima wa Kwimba alikuwa mbali nayo. Mkulima alibaki na upinde wake, na wachache walikuwa na gobore. Mali ya mmoja ililindwa kwa bunduki na karatasi. Mali ya mwingine, ambayo ilikuwa ng'ombe zizini, ililindwa kwa upinde na mwano.

Mnajua mwano. Mwizi akiingia zizini, mwenye zizi hupiga ukelele ule, jirani akaupokea, na wa kilima cha pili akaupokea, mpaka nchi nzima ikaamka.

Ng'ombe, vita, na sungusungu

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yaliondolewa kwa sheria. Katikati ya miaka ya 1970 watu wengi wa Mwanza na Shinyanga walihamishiwa katika vijiji vipya. Wengine walijikuta wanaishi na majirani wasiowajua, na mazizi yao yakiwa mbali na macho yao.

Kisha vita vikaja. Mwisho wa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Mwanza nayo ilionja vita hivyo. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji. Mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Vita vilikwisha mwaka huo wa 1979, lakini bunduki hazikurudi zote ghalani. Nyingine ziliangukia mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Mwenye zizi sasa alikuwa na upinde, na mwizi alikuwa na bunduki ya vita.

Ng'ombe kwa Msukuma si nyama tu. Ni benki yake, ni mahari ya mtoto wake, ni ada ya shule, ni dawa ya mgonjwa. Aliyeibiwa ng'ombe ishirini usiku mmoja aliamka asubuhi akiwa maskini. Polisi walikuwa mbali, na wengine wao watu waliwashuku kwamba wanapokea fedha za wezi.

Basi katika miaka ya 1981 na 1982, katika nchi za Kahama na Shinyanga, wanakijiji walianza kujipanga wenyewe. Wakajiita sungusungu. Mnawajua sungusungu, wale siafu weusi waumao, waendao kwa safu moja. Mmoja wao ni mdogo, lakini wakiwa wengi hata nyoka huwapisha. Wanaume walitakiwa kuwa na upinde na mishale, na filimbi. Mwano ukipigwa, kila mmoja alitoka. Walifuata nyayo za ng'ombe kutoka kijiji hiki mpaka kijiji kile. Wakachagua viongozi wao, na mkubwa wao wakamwita ntemi, kama zamani. Muda mfupi baadaye jambo hili likaenea Mwanza na Tabora, na mikoa mingine.

Wizi ulipungua. Hili lazima tulikubali, maana wazee wengi mlioko madarasani mliliona kwa macho yenu. Watu waliweza kulala. Viongozi wa Chama na Serikali, pamoja na Mwalimu Nyerere mwenyewe, waliliunga mkono. Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo, na sungusungu wakapewa nafasi katika sheria na uwezo wa kukamata wahalifu. Katika miaka ya 1990 sungusungu walionekana mijini pia, wakilinda mitaa usiku.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mkulima ambaye serikali ya kikoloni haikumpa karatasi ya bunduki, sasa alishika upinde hadharani kulinda mali yake, na Serikali yake ikamkubali.

Upinde unapoingia mlangoni

Lakini habari hii ina upande wa pili, nao lazima tuusome bila kuogopa.

Upinde uliokwenda kumtafuta mwizi ulirudi, ukabisha hodi kwa jirani. Mtu asiyetoka kwenye doria alitozwa faini. Aliyekataa kulipa aliweza kuchukuliwa ng'ombe au mbuzi wake. Wengine walitengwa. Hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto wala maji, hakuna wa kumzika. Wengine walipigwa ili wakiri wizi. Wanawake wazee, kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, walishtakiwa uchawi, na wengine wakafukuzwa vijijini au wakauawa. Mauaji ya vikongwe katika nchi yetu hayakufanywa yote na sungusungu, wala hayakuanza nao. Lakini mahali pengine mikono iliyopewa upinde ili ilinde wanyonge ndiyo iliyowaonea.

Fikirini mzee mmoja amechukuliwa mbuzi watatu kwa faini. Waliomchukulia wana silaha, yeye ana fimbo ya kutembelea. Anauliza, "Nani ameamua? Imeandikwa wapi? Stakabadhi yangu iko wapi?" Asipojibiwa, kuna tofauti gani kwake kati ya walinzi hawa na wezi? Zizi lake limepungua vile vile.

Wala tusidhani kosa hili ni la wanakijiji peke yao. Mwaka 1976, kabla ya sungusungu, Serikali ilifanya msako mikoani Mwanza na Shinyanga kwa sababu ya mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Watu wengi walikamatwa na kuteswa, na baadhi yao walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwezi wa Januari, mwaka 1977, mawaziri wawili walijiuzulu, mmoja wao akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye baadaye alikuwa Rais tangu 1985 mpaka 1995. Yeye hakumpiga mtu. Alijiuzulu kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake.

Linganisheni mambo haya mawili. Katika jambo la mwaka 1976 walitenda vibaya wenye silaha, lakini alikuwako mtu wa kujibu. Katika habari ya mzee na mbuzi wake, nani atajibu? Ndiyo maana naomba mwalimu aandike ubaoni maswali mawili, na kila mwanafunzi ayanakili katika daftari lake:

Silaha hii umepewa na nani?
Ukikosea, utajibu mbele ya nani?

Mtu aliye na jibu la maswali yote mawili ni mlinzi. Mtu asiye na jibu hata moja, ingawa anasema analinda mali, mwenye mali na amwogope.

Sheria ya leo inasemaje

Tuje sasa kwenye siku zetu. Katiba ya nchi yetu ni ya mwaka 1977, na haki za raia ziliingizwa ndani yake mwaka 1984. Katika Ibara ya 24 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali, na ya kulindiwa mali yake aliyoipata kwa kufuata sheria. Ibara ya 16 inalinda heshima ya mtu, familia yake na maskani yake. Lakini tafuteni katika Katiba nzima, hamtaona haki ya raia kuchukua bunduki. Tena Ibara ya 147 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi.

Si kila nchi iko hivyo. Huko Marekani, tangu mwaka 1791, Katiba yao inataja haki ya watu kuwa na silaha, na mpaka leo wanabishana sana juu yake. Lakini hata huko, katika majimbo mengi, mwenye duka anaweza kubandika tangazo mlangoni kwamba silaha haziingii ndani, na mteja akatakiwa kulitii. Ubishi wao ni juu ya tangazo hilo: je, mwenye duka aseme kwanza "hapana", au mwenye bunduki aombe kwanza ruhusa?

Kwetu bunduki ni jambo la kibali. Mwaka 2004, huko Nairobi, nchi za Afrika Mashariki na jirani zake zilitia sahihi mapatano ya kuzuia silaha ndogo ndogo, na kukubaliana kwamba raia wasiwe na bunduki za kivita. Mwaka 2015 Bunge letu lilitunga sheria mpya ya kudhibiti silaha na risasi. Anayetaka bunduki au bastola huomba, huchunguzwa, na akikubaliwa hupewa leseni. Leseni hiyo ni ruhusa kutoka kwa Serikali. Haikuandikwa ndani yake kwamba kila mwenye nyumba lazima amfungulie mlango mwenye leseni. Kanuni ya Adhabu nayo inamkataza mtu kutembea na silaha mbele ya watu kwa namna ya kuwatia hofu, bila sababu ya halali. Tena inakataza mtu kubaki katika mahali pa mwenziwe kwa nia ya kumtisha au kumwudhi.

Lakini mwenye nyumba naye asijifanye mfalme. Yeye pia ana mipaka. Haki yake ni kusema, "Toka," na akikataliwa, kuwaita polisi. Si haki yake kumnyang'anya mtu silaha kwa nguvu, wala kumwitia watu wampige. Na polisi aliye kazini kwa mujibu wa sheria hazuiwi mlangoni kwa neno la mwenye duka.

Tena siku hizi maduka makubwa, mabenki na viwanda vya samaki vya Mwanza vina walinzi wenye bunduki. Hapo mwenye mali na mwenye silaha wamekuwa upande mmoja, na mnyonge ni yule aliye nje. Sheria inaruhusu mtu kutetea nafsi yake na mali yake, lakini kwa nguvu za kiasi. Aliyekuja na bunduki kukuua si sawa na mtoto aliyechukua samaki mmoja kwenye kichanja. Kadhalika ndugu zetu wavuvi, ambao huporwa injini na nyavu usiku katikati ya ziwa, wana haki ya kulindwa, na kilio chao ni cha kweli. Lakini tusisahau kwamba kijiji kikiwapa vijana wake silaha bila daftari, bila kiongozi anayejulikana, na bila mtu wa kuwauliza, kesho kijiji hicho hicho kitakuwa cha kwanza kuwaogopa.

Turudi kwa mama ntilie

Sasa turudi hotelini. Yule mtu ana kibali, na kibali chake ni halali. Swali la kwanza amelijibu: amepewa na Serikali. Tusimdharau, pengine ameibiwa kweli, pengine anaogopa kweli. Lakini mama naye ana karatasi yake ukutani, na ana meza zake, na ana wateja waliokimbia. Kibali cha yule mtu kinamruhusu kuwa na bastola. Hakimpi meza ya mama. Mama amemkaribisha chakula, hakumfukuza yeye, amekataa silaha tu. Ni kama mtemi wa zamani aliyemwambia mgeni, "Karibu, lakini tuelewane kwanza."

Mgeni mwungwana angefanya nini? Angeinuka, angesema, "Samahani, mama," akaenda kuiweka salama, akarudi kula sato wake wakati bado ana moto. Wala hangekuwa ameshindwa.

Nami nadhani jibu la mama ni jibu la watu wa Bumbire, na la yule mzee mwenye mbuzi watatu. Wote watatu walisema neno moja: hapa pana mwenyewe. Tofauti ni kwamba mama ana sheria nyuma yake, nao hawakuwa nayo. Lakini sheria haimsaidii mama kama haijui, wala kama wateja waliokaa pale wanainamisha vichwa na kumwacha aseme peke yake.

Mwalimu wa darasa, waulize tena wanafunzi: nani ana haki? Hesabu mikono, ulinganishe na hesabu ya kwanza. Kama imebadilika, waliobadili waeleze sababu. Kama haikubadilika, si kitu, na waeleze pia.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Hongo ya zamani ilikuwa nini? Ina tofauti gani na hongo ya siku hizi?

2. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalikuwa na faida gani kwa watu wanyonge? Yalikuwa na hasara gani?

3. Katika kijiji au mtaa wenu, nani analinda usiku? Walinzi hao wamechaguliwa na nani, na wakikosea wanajibu mbele ya nani?

4. Mkitozwa mchango wa ulinzi, mnapewa stakabadhi? Anayejua kusoma amsomee jirani yake stakabadhi moja: tarehe, kiasi, na sahihi.

5. Andika sentensi tatu, ukitumia maneno haya: silaha, kibali, mlango.

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja wa kwao: mwano ulipopigwa zamani, nani alitoka, na ng'ombe wakipatikana walirudishwaje kwa mwenyewe? Aandike majibu, hata kama ni mistari miwili tu, aje nayo darasani. Habari za watu wa Bumbire ziliandikwa na mtu mwingine. Za kwenu ziandikeni wenyewe.